Nani Hatapumzika? Tafakari ya Safari ya Ziwani



Wapendwa vijana, leo nataka tuongee kuhusu safari. Najua kipindi hiki wengi wenu mnapanga kitu. Mavuno yanakwisha, vyuo vinafungwa, na kila grupu la WhatsApp lina mtu anayeuliza, "Jamani, mwaka huu tunaenda wapi?" Nasi huku Madibira tumeuliza hivyo hivyo. Tafakari ya leo inatokana na jinsi tulivyopanga safari yetu, na jinsi mimi, niliyeitwa kuwa mshauri, nilivyoharibu.

Kwa wasiopajua, Madibira ni nchi ya mpunga. Iko wilaya ya Mbarali, kwenye bonde la Usangu, na mto wetu ni Ndembera. Maji ya Ndembera yanaingia kwenye mfereji mkuu, kutoka hapo yanagawanywa kwenye mifereji midogo, halafu kwenye majaruba. Maji kwetu maana yake ni kazi. Ukiona maji, unawaza zamu ya kufungulia shamba lako, unawaza kupandikiza huku umeinama tangu asubuhi. Sijui mtoto wa Madibira aliyekua akiangalia maji kwa kupumzika tu.

Labda ndiyo maana vijana wetu wa parokia walipoulizwa wanataka kwenda wapi, wote walisema ziwani. Ziwa Nyasa, Matema. Unatoka Madibira hadi Rujewa, unashika barabara kuu, Chimala, Igurusi, Uyole, halafu unakata kushoto kwenda Tukuyu, unashuka mpaka Ipinda na Matema. Pale ziwa linakutana na milima ya Livingstone, na wanawake wa Kikisi wanauza vyungu vya udongo walivyofinyanga wenyewe.

Kilichowasha moto, niseme ukweli, ni video. Dada mmoja alituma kwenye grupu video ya ziwa moja la Ulaya: maji ya bluu, boti nyeupe, watu wamekaa kwenye viti vya kitambaa wanakunywa juisi. Akaandika, "Wenzetu wanajua kuishi." Mwingine akajibu, "Na sisi tuna Matema." Basi, safari ikazaliwa.

Je, kupumzika ni dhambi?

Swali la kwanza lilitoka kwa wazee. Mzee mmoja wa kigango aliniuliza, "Frateri, hivi hela yote hiyo mnakwenda kuangalia maji? Maji si yapo hapa?" Tulicheka, lakini swali lake ni zito. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba anayepumzika ni mvivu, na kwamba Mkristo mzuri ni yule aliyechoka.

Kanisa halifundishi hivyo. Mtakatifu Thoma wa Akwino, kwenye Summa yake (II-II, swali la 168), anauliza kama katika michezo na burudani kunaweza kuwa na fadhila. Anajibu kwamba ndiyo. Anaikumbuka simulizi ya zamani ya Mtakatifu Yohane. Watu walikwazika kumkuta akicheza na wanafunzi wake. Akamwambia mmoja aliyekuwa na upinde apige mshale, kisha mwingine, na mwingine, halafu akamuuliza kama anaweza kuendelea hivyo bila kuacha. Yule mtu akasema upinde utavunjika. Yohane akawaambia, na roho ya mtu ni hivyo hivyo. Thoma alimfuata Aristotle hapa, ambaye aliona kwamba tunafanya kazi ili tupate utulivu, siyo kinyume chake.

Na mapapa wetu wamepumzika ziwani! Julai 2025, Papa Leo XIV alikwenda Castel Gandolfo kwa mapumziko. Mji ule uko juu ya Ziwa Albano, ziwa lililojaa kwenye shimo la volkano ya zamani, kama lilivyo Ziwa Ngosi letu pale juu ya Uyole. Kabla yake Papa Fransisko hakuwa na desturi hiyo. Likizo zake alibaki Vatikani. Wote wawili ni mapapa wema. Kwa hiyo kwenda ziwani hakukufanyi mtakatifu, na kubaki nyumbani hakukufanyi hivyo pia.

Nampenda zaidi Mtakatifu Yohane Paulo II kabla hajawa papa. Alipokuwa padre kijana huko Poland, serikali ya kikomunisti haikutaka mapadre waongoze makundi ya vijana. Yeye akavaa nguo za kawaida, vijana wakamwita "Wujek", yaani mjomba, wakaenda pamoja kupiga makasia mitoni na kwenye maziwa. Misa waliadhimisha juu ya mtumbwi uliopinduliwa ukawa altare. Mwaka 1958 alikuwa kwenye safari kama hiyo alipoitwa Warsaw kuambiwa kwamba ameteuliwa kuwa askofu msaidizi wa Kraków. Alikubali. Halafu akaomba ruhusa kurudi kwa vijana wake majini, maana Jumapili ingewakuta bila padre wa kuwaadhimishia Misa.

Hoja zote hizo nilikuwa nazo. Nilikuwa nimeandaa semina nzima kuhusu mapumziko, na ilikuwa nzuri. Sasa nisikilizeni nilichokifanya.

Shilingi elfu themanini

Tulikaa kikao, tukapiga hesabu. Watu 25. Kosta ya kukodi laki tisa, ambayo ni 36,000 kwa kichwa. Malazi 15,000. Chakula 14,000. Fulana zenye maandishi mgongoni 15,000. Jumla 80,000 kila mtu, mwisho wa kulipa tarehe fulani, asiyelipa nafasi yake anapewa mwingine. Mwenyekiti akauliza, "Frateri, unasemaje?" Nikasema safi kabisa.

Kuna rafiki yangu mmoja, jina nalihifadhi. Tulisoma darasa moja shule ya msingi, tukatumikia altareni pamoja, yeye akibeba chetezo na mimi nikibeba ubani. Kwenye grupu akaandika maneno mawili tu: "Nina kazi." Mtu akamwambia, "Kazi haziishi, njoo." Akanyamaza. Nami, kwa kutaka kuchekesha, nikaandika kwamba wengine mpunga umeshakuwa mungu wao. Nikaweka na vikatuni vya kucheka. Watu wakacheka kweli. Frateri katania!

Usiku ule akatoka kwenye grupu.

Nilijiambia ni utani tu, na kwamba anayekasirikia utani ana lake. Falsafa inakufundisha kujenga hoja, na mtu akishajua kujenga hoja anaweza kujitetea usiku kucha mbele ya dhamiri yake. Mimi nilijitetea siku sita.

Jumapili baada ya Misa, mama yake alinisubiri nje ya kanisa. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, akaniuliza habari za masomo, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Frateri, hivi ile safari yenu ya ziwani ni ya wasomi tu?"

Hakuuliza kwa ukali. Ndiyo maana nilishindwa kujibu.

Akanieleza mwenyewe, taratibu. Mpunga wao waliuuza tangu Machi, ukiwa bado kijani shambani, kwa bei ya mnunuzi, kwa sababu mguu wa mama ulihitaji matibabu na hela haikungoja mavuno. Mavuno yalipofika, gunia walizovuna zilikuwa tayari za mtu mwingine. Tangu hapo kijana anavuna kibarua kwenye mashamba ya watu ili nyumbani pabaki chakula na pembejeo za msimu ujao. Yule niliyesema anaabudu mpunga hakuwa hata na mpunga wake.

Na kuna jambo ambalo mama hakulisema, nalijua mimi. Kila mavuno, jumuiya yao hutoa debe kwa ajili ya seminari. Mama yule hajawahi kukosa. Ninapokula seminarini, nakula na debe lake. Likizo yangu mwenyewe, hii niliyokuja nayo nyumbani kupanga safari, imelipiwa na watu ambao hawana likizo.

Mtumbwi wa Yesu

Nilirudi nyumbani nikafungua Injili niliyokuwa nimeiandalia semina, Marko 6:30-34. Mitume wamerudi kutoka utumeni. Watu wanakuja na kuondoka kwa wingi hata mitume hawapati nafasi ya kula. Yesu anawaalika waende naye mahali pasipo watu, wapumzike kidogo. Wanapanda chombo, wanavuka ziwa la Galilaya.

Nilikuwa nimelisoma fungu hili mara nyingi kama ruhusa ya kupumzika. Safari hii niliona mambo mawili ambayo sikuwa nimeyaandika kwenye semina yangu.

La kwanza: Yesu aliwaalika wote. Petro mwenye nyumba na nyavu alikuwemo. Mathayo aliyewahi kukusanya ushuru alikuwemo. Yuda naye alikuwemo. Hakuna aliyeulizwa ana nini mkononi. Kilichowapa nafasi mle ndani ni kwamba walikuwa wamechoka na walikuwa wake.

La pili: mapumziko yale yaliingiliwa. Watu waliwaona, wakakimbia kwa miguu, wakawatangulia ng'ambo. Yesu aliposhuka alikuta umati, akawahurumia kwa kuwa walikuwa kama kondoo wasio na mchungaji. Hakuwafukuza ili likizo iendelee. Aliwafundisha, aliwalisha, na baada ya hapo ndipo aliwapeleka wanafunzi chomboni na yeye akapanda mlimani kusali. Mapumziko hayakufutwa, ila umati ulipita kwanza.

Amri ya Sabato inasema vivyo hivyo. Kumbukumbu la Torati 5:14 inapotaja nani apumzike, haikomi kwa baba wa nyumba. Inataja mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, hata mgeni. Na inatoa sababu: ili mtumwa wako apumzike kama wewe. Kwa hiyo mbele ya Mungu, swali la kwanza la mapumziko siyo "Mimi nitakwenda wapi?" Ni "Nani hatapumzika kama mimi nikipumzika?" Katekisimu nayo, namba 2186, inawakumbusha Wakristo wenye nafasi ya kupumzika wawafikirie ndugu zao wenye mahitaji na haki zilezile, ambao umaskini hauwaruhusu kuacha kazi.

Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alilielewa hili akiwa na umri wetu. Baba yake alikuwa tajiri, mmiliki wa gazeti la La Stampa. Kijana alipenda milima kuliko kitu chochote, alipanda na marafiki zake, alicheka sana. Lakini joto lilipoipiga Torino na wenye uwezo wakaondoka kwenda kwenye nyumba zao za mashambani, yeye mara nyingine alibaki mjini, kwa sababu aliona kama wote wakiondoka, maskini wa Torino watabaki na nani? Na nauli yake ya tramu aliwapa maskini, akakimbia kwa miguu kurudi nyumbani awahi chakula. Alifariki tarehe 4 Julai 1925, akiwa na miaka 24. Alijua kupumzika na alijua kubaki, na vyote viwili alivifanya kwa mapendo.

Shambani

Jumatatu nilimfuata rafiki yangu shambani. Nilimkuta ameinama na mundu. Nikamwambia, "Kaka, nilikukosea. Nilikuchafua mbele za watu, na sikujua ninachosema."

Hakusimama. Akasema, "Yameisha, Frateri."

Mnajua "yameisha" ya kwetu. Kuna inayomaanisha yameisha, na kuna inayomaanisha niache nifanye kazi. Sikujua hii ilikuwa ipi. Nikaomba mundu kwa jirani yake, nikaanza kukata. Baada ya nusu saa aliniangalia, akaangalia nilichovuna, akacheka. "Wewe seminari imekumaliza." Hapo angalau alikuwa amecheka.

Mchana tulikaa chini ya turubai. Nikamwambia tunataka aende nasi. Akasema, "Ziwa nimeliona kwenye simu, inatosha." Nikamwambia tutamlipia. Uso wake ukafunga, nikajua nimekosea tena. Mtu aliyedhalilishwa mbele za watu hatibiwi kwa kufanywa mhitaji mbele za watu hao hao.

Jioni nilienda kwa viongozi wa vijana, nikawaeleza kosa langu bila kutaja shida za nyumba ya mtu. Tukaanza hesabu upya. Fulana tukazifuta. Dada mmoja alinung'unika kwamba picha hazitapendeza, na alikuwa na haki ya kusikitika, alishachagua rangi. Malazi tukaandika barua kuomba kulala kwenye ukumbi wa parokia moja ya kule, kila mtu na mkeka wake. Mchele na maharage tutabeba kutoka Madibira. Aibu gani hii, watu wa mpunga kununua wali njiani! Chakula kikabaki 6,000. Jumla mpya ikawa 42,000 badala ya 80,000.

Halafu tukafuta orodha ya waliolipa, ile iliyokuwa inatumwa kwenye grupu kila jioni na alama za tiki. Sasa kila mtu anaweka alichonacho kwenye bahasha isiyo na jina, anamkabidhi mtunza hazina. Bahasha za kwanza zilipofunguliwa, alituambia tu kwamba bado laki moja na themanini. Hakujua nani katoa nini. Laki hiyo na themanini bado tunaitafuta.

La mwisho tulikubaliana hivi: Jumamosi moja kabla ya safari, vijana wote tutaingia shambani pamoja, tukamilishe vibarua ambavyo wenzetu wamekwisha kubeba ahadi yake, ili asiwepo wa kubaki kwa sababu ya kazi. Rafiki yangu siyo peke yake. Tulipouliza kwa utaratibu, mmoja mmoja, walikuwa wanne. Wanne kati ya vijana wetu, na mimi niliona mmoja tu, tena nikamcheka.

Nimemwambia. Amenijibu, "Nitaangalia, Frateri." Mpaka leo ninapoandika, hajarudi kwenye grupu.

Kwa wewe unayepanga

Ndugu yangu, iwe unakwenda Matema, Bagamoyo, Zanzibar, au una ndugu Ulaya na mwaka huu utaliona lile ziwa la kwenye video, nenda kwa furaha. Mungu hakuumba maji ya kupandikizia mpunga tu. Ila kabla hujalipa nauli, kaa na maswali haya matatu mbele ya Ekaristi:

1. Katika kundi letu, nani alisema "nina kazi" na hakuna aliyemuuliza ni kazi gani?

2. Ni gharama ipi tumeiweka kwa ajili ya picha, na inamfungia nani mlango?

3. Mapumziko yangu yanalipiwa na jasho la nani, na mtu huyo atapumzika lini?

Na kama uliwahi kumtania mtu mbele za watu, usimwombe msamaha faraghani tu. Mimi nimeshaandika kwenye grupu kwamba yale maneno yangu yalikuwa ya uongo. Ilikuwa ngumu kuliko mtihani wa metafizikia. Hakuna aliyeweka kikatuni.

Tusali. Bwana Yesu, wewe uliwaona mitume wako wamechoka kabla hawajasema. Tupe macho yako. Utufundishe kupumzika bila kiburi na kufanya kazi bila uchungu. Uwakumbuke walioko shambani leo tunapopanga safari, na usituruhusu tuvuke ng'ambo tukiwa tumewaacha ufukweni. Amina.

Maria, Nyota ya Bahari, utuombee.
Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, utuombee.

Ni mimi Frateri wenu, Madibira.